Kibao cha Chini ya Mtutu

Amani, 11 Machi 1956

Mjomba wangu Tadeo,

Shikamoo. Na mkaza mjomba Praxeda mpe shikamoo yake mkononi, usiitie mfukoni ukaisahau kama ulivyoisahau ile ya Krismasi. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Ruthi ana mimba ya miezi mitano na hataki hata harufu ya kitunguu, basi nyumba nzima tunakula mboga kama wagonjwa. Mama, dada yako Lea, goti linamsumbua mvua zikikaribia, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote. Kaburi la Baba bado halijajengewa. Huu ni mwaka wa tatu, na kila nikimwambia nitafute mwashi ananijibu kwamba fundi yupo, nisubiri. Fundi gani, hasemi.

Nililokuandikia ni habari ya bunduki ya Baba. Mwaka jana nguruwe wa msituni walinila mahindi mpaka nikaona haya kuwaambia watu nimelima. Mwaka huu nimepanda tena shamba lile lile la kando ya msitu, maana sina jingine. Nimekwenda boma, Bwana Shauri wa wilaya amenipa kibali cha bunduki kwa jina langu, na boksi moja la risasi za marisau ninalo. Bunduki yenyewe unaijua: mitutu miwili, nyundo mbili zilizosimama kama masikio ya paa. Iko uchagani juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi, tangu mwaka 1947 Baba alipoacha kuwinda. Hakutuambia kwa nini aliacha. Sisi tulidhani ni kwa sababu ya mkono, maana mwaka huo ndio korona, ile mashine ya kuchakata mkonge shambani, ilimkata vidole viwili.

Nilitaka kuipeleka kwa fundi mmoja wa Muheza aitazame. Mama akakataa kata kata. "Mwandikie mjomba wako," akasema. "Yeye ndiye anayeijua." Basi nakuuliza wewe, fundi wa mji: nikiipiga bunduki hii, itamwua nguruwe au itaniua mimi? Nifundishe namna ya kuikagua.

Nisikuchoshe. Mpwa wako anayekutegemea,
Manase


Nguvumali, Tanga, 2 Aprili 1956

Mpwa wangu Manase,

Marahaba. Shikamoo ya mkaza mjomba wako nimeifikisha, naye ameipokea na kuuliza mbona haikufuatana na iliki. Pasaka ilikuwa jana. Tulikwenda misa ya asubuhi tukarudi tumelowa, na Praxeda alipika pilau kwa ajili yetu wawili akagawia majirani kumi. Karakanani kazi ni nyingi, ndiyo sababu ya kukawia kwangu. Dada yangu Lea mpe pole ya goti.

Kuhusu bunduki. Kabla ya yote ifungue, utazame kama iko tupu, kisha utazame tena. Isugue kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka masizi yatoke. Ukimaliza, utaona juu ya mitutu mistari midogo iliyopindana, kama ukindu kwenye mkeka. Hicho si chuma kimoja. Mafundi wa zamani walisokota vipande vya chuma pamoja wakavifua mpaka vikashikana, na bunduki za namna hiyo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya moshi. Risasi za siku hizi baruti yake ni kali zaidi. Kuzitia humo ni kumtwika mzee gunia la kijana.

Kisha elekeza mitutu mbinguni, uchungulie ndani. Ndani pakiwa na mashimo mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, iache. Ifunge, uitikise karibu na sikio: ikichezacheza penye bawaba, iache. Mwisho ifungue, uitundike kwa kamba, uigonge kwa kijiti. Chuma kizima hulia kama kengele na mlio unakawia kufa. Chenye ufa hulia kama chungu kibovu.

Kile kibao cha chini ya mtutu, unachokishika kwa mkono wa kushoto, usikiguse. Kiache kilivyo.

Nami kwa maoni yangu ungechimba mitego tu. Babu zetu hawakuwa na bunduki na walikula mahindi.

Mjomba wako,
Tadeo


Amani, 22 Aprili 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Iliki nimempa Zubeiri, yule dereva wa lori anayeshuka Tanga kila wiki, ni mfuko mdogo wa kitambaa cha buluu. Mkaza mjomba akiukosa aulizwe Zubeiri, si mimi. Ruthi amerudi kula kitunguu, sasa anakila kibichi. Mvua ni nyingi, mahindi yamefika magotini.

Nimeikagua bunduki kama ulivyosema, Mama akiwa ameketi hapo hapo kama mwalimu wa mtihani. Kila barua yako namsomea, na hii pia namsomea kabla ya kuifunga. Mitutu ina ule mkeka ulioutaja, mzuri mno. Mtutu wa kulia ndani ni safi. Wa kushoto nao ni safi, ila shubiri moja kutoka nyuma, upande wa chini, pana doa jeusi la mviringo, kiasi cha kifungo cha shati. Nimelisugua kwa siku mbili, halitoki. Haichezi penye bawaba. Kisha niliitundika darini kwa kamba ya katani, nikaigonga, ikalia dup. Si kengele wala chungu, Mjomba. Kama kugonga ndoo iliyojaa unga.

Jirani yangu Asheri alisema ni kibao ndicho kinachoziba sauti. Nilikumbuka onyo lako, lakini nikasema nitazame tu kama kinatoka. Kimekazwa kwa skrubu mbili, na vichwa vya skrubu vimepigwa tupa mpaka mfuo umekwisha, bisibisi haishiki. Kama kwamba aliyekiweka alitaka kisitoke tena. Nikakiacha.

Nilipokuwa nimeishika niliukumbuka mkono wa Baba, ule wa vidole vitatu, na vile vijidoa vyeusi vya kiganjani ambavyo tulipokuwa wadogo tulimwambia amelalia ulezi. Alikuwa akicheka. Namkosa sana siku hizi.

Mama anasema: "Mwulize kwa nini kibao kisiguswe." Ndilo swali lake. Langu ni lile doa.

Manase


Nguvumali, Tanga, 10 Juni 1956

Mpwa wangu Manase,

Marahaba, na nisamehe. Iliki ilifika na Praxeda anakuombea dua kila akinywa chai. Barua yako nilichelewa kuijibu kwa kuwa nilipelekwa Pangani kutengeneza mashine ya kivuko, nikakaa huko muda mrefu. Pangani joto, mbu, na samaki wazuri. Watu wa huko hawana haraka. Ukimwuliza mtu fundi mwenzako yuko wapi anakwambia yuko ng'ambo, na kivuko chenyewe ndicho kilichoharibika.

Doa hilo laweza kuwa masizi ya zamani yaliyogandamana. Laweza kuwa jambo jingine. Mlio wa dup si mlio mzuri, lakini kwa kuwa umeigonga na kibao chake huwezi kusema kwa hakika. Chuma ni kigumu kukihukumu kwa barua. Kwa hiyo usiipige kwanza.

Bunduki zinahitaji moyo mtulivu, nawe tangu utoto huna. Je, Asheri huyo hana mbwa? Mbwa watatu wakali hufanya kazi kubwa.

Msalimu Lea. Mwambie nimezeeka, nywele zimekuwa nyeupe mbele.

Tadeo


Amani, 24 Juni 1956

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo. Ruthi amekuwa mzito, anatembea ameshika kiuno na kunigombeza kwa makosa niliyoyafanya mwaka juzi. Mahindi yameanza kubeba. Nguruwe nao wamepata habari. Juzi wamelaza chini mistari minane upande wa msituni, wakala machache na kuvunja mengi, ndivyo walivyo. Asheri na mimi tunalinda kwa zamu tukipiga madebe, na wameshayazoea, nadhani sasa wanayacheza ngoma.

Sasa sikiliza, na usikasirike. Zubeiri alipoleta barua yako nilimwambia Mjomba alikuwa Pangani kwenye kivuko. Akashangaa. Alisema mwezi wa Mei alikuona mara tatu pale Nguvumali, na mara moja ulimsaidia kubadili gurudumu na mkasimama mkazungumza. Labda amekufananisha. Mimi mpwa sina kauli mbele ya mjomba wangu. Lakini Mama aliposikia akasema, "Njia ya mwongo ni fupi," akaendelea kupepeta mchele.

Nilimwomba Mama samahani kwa niaba yako, ingawa sijui ni samahani ya nini.

Swali lake hukulijibu. Analirudia: kwa nini kibao kisiguswe? Tena amelichukua boksi la risasi akalifungia kwenye sanduku lake la kanga, na ufunguo ameufunga pindoni. Anasema hatanipa mpaka wewe useme neno lililonyooka. Niambie ndiyo au hapana, Mjomba. Hapana yako nitaipokea. Lakini ukisema hapana unambie sababu, maana hilo shamba ndilo litakalomlisha mtoto wangu, nami siwezi kuliacha kwa kuogopa doa.

Manase


Nguvumali, Tanga, 5 Julai 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima. Kwa Zubeiri nimewapelekea ng'onda za samaki, ziloweke kwanza, zina chumvi kali.

Kibao kisiguswe kwa sababu kikitoka hakirudi. Bunduki ni kuukuu. Irudishe boma, waambie huitaki, uombe kibali cha nyingine. Sina zaidi.

Tadeo


Amani, 15 Julai 1956

Mjomba,

Shikamoo. Ng'onda tumezipata, asante. Ruthi anangojea siku yake, yaweza kuwa wiki hii au ijayo. Mama amemfukuza jikoni na kuingia yeye, na goti lake.

Nyingine nitaipata wapi, Mjomba? Kibali chenyewe nilikipata kwa sababu bunduki ilikuwa ya marehemu baba yangu. Nikiirudisha, mimi na bunduki tumeagana. Na nguruwe sasa hawangoji hata giza. Jana asubuhi nilimwona jike na watoto watano kati ya mahindi yangu, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake.

Asheri amenipa shauri naye aliwahi kumbebea Mzungu mmoja bunduki. Anasema tuifunge kwenye kisiki kwa kamba za katani, tutie risasi mtutu wa kushoto, wenye doa, kisha tusimame mbali nyuma ya mti na kuvuta kifyatulio kwa uzi mrefu. Ikivumilia, ni nzima, naiweka begani siku hiyo hiyo. Ikipasuka, imepasuka peke yake. Mimi naona ni shauri la akili kuliko yote niliyoyasikia tangu Machi, uniwie radhi.

Tumepanga Jumamosi tarehe 28, saa nne asubuhi. Barua yako isipofika kabla ya hapo nitajua huna la kuongeza. Kunyamaza nako ni jibu.

Mama nilimsomea haya. Alisema niandike hivi: "Mficha maradhi kifo humwumbua." Nikamwuliza nani mgonjwa. Akasema niandike tu.

Mpwa wako,
Manase


Nguvumali, Tanga, 24 Julai 1956

Manase mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua hii nampa Zubeiri mkononi na nimemwapisha akupe wewe mwenyewe.

Usiifunge hiyo bunduki kwenye kisiki. Na ikiwa umekwisha kuifunga na ikavumilia, usiiweke begani. Mimi na baba yako tuliifunga kwenye kisiki, tukavuta uzi, ikavumilia. Tukavuta mara ya pili, ikavumilia. Mara ya tatu baba yako akaiweka begani.

Korona haikumkata baba yako vidole. Nilimkata mimi.

Mwaka 1947 baba yako Ernesti aliniletea bunduki hiyo. Chini ya kibao, mahali maji yalipokuwa yakijikusanya, kutu ilikuwa imeula mtutu wa kushoto mpaka pamekuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Fundi mwenye akili angesema hii imekufa, izike. Lakini mwezi ule ule nilikuwa nimefanywa fundi mkuu karakanani, kila mtu ananiita fundi, na shemeji yangu amesimama ananitazama. Nikakata kipande cha shaba, nikakitia lehemu, nikapiga tupa, nikakitia rangi ya chuma cha zamani hata mwenyewe sikuona kilipo. Nikajisifu, Manase. Nilimwambia, "Shemeji, hii itawazika wajukuu zako." Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Jumapili moja nilikuja Muheza kwa treni, tukaenda kando ya kijito nyuma ya shamba la mkonge, tukaijaribu kwenye kisiki kama nilivyosema. Tukacheka kama watoto. Alipoipiga kwa mkono, moto ulitokea chini, kibao kikapasuka, na vidole viwili vikaenda nacho. Unajua neno lake la kwanza? Alikuwa bado hajalia. Alisema, "Tadeo, wewe huna kibali cha kutengeneza bunduki. Watakufunga. Sema ni korona." Nami nikasema ni korona. Mimi fundi mkuu. Nikaenda na bunduki Tanga, nikatia kiraka cha pili, nikachonga kibao kipya cha mvule kifunike, nikasaga vichwa vya skrubu ili asije mtu akafungua. Baba yako akaitundika uchagani akaapa hataipiga. Nami nikajiambia moshi utaila, yamekwisha.

Baba yako hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningekuja nyumbani. Nilichoshindwa ni kuuona mkono ule ukinikaribisha chakula. Ndiyo maana hamkuniona miaka yote ile, na ndiyo maana sikuja kumzika. Ile homa niliyowaandikia haikuwapo. Pangani sikwenda. Zubeiri alimwona mtu wa kweli.

Tangu Machi nimekutumia vipimo vingi, na kila kimoja nilikuwa naomba kiiangushe bunduki, ili chuma kiseme, mimi nisiseme. Ungefikwa na jambo, Manase, nisingekuwa na mahali pa kuweka uso wangu duniani wala mbinguni.

Pasua kibao kwa patasi, utaona mwenyewe. Na barua hii msomee Lea yote. Usiruke mstari.

Tadeo


Amani, 5 Agosti 1956

Mjomba,

Shikamoo. Ruthi amejifungua salama tarehe 26 Julai, mtoto wa kike. Mama alipompokea kitu cha kwanza alihesabu vidole, mikono na miguu. Vyote vipo.

Barua yako haikuwahi. Lori la Zubeiri lilikwama kwenye matope chini ya mlima, akafika Jumanne tarehe 31 akiwa na tope mpaka kofiani, na akaniletea kabla hajanawa.

Jumamosi tulikuwa tumekwisha kuifunga. Watu walikuja kutazama kama arusi. Mama alifungua sanduku lake akanipa risasi, moja tu. Tukavuta uzi, ikalia, moshi ukatawanyika, tukakimbilia kisiki: nzima! Asheri alinishika mkono akaniita mwindaji. Nikarudi nyumbani mbio kuchukua risasi za begani. Mama alikuwa amelikalia sanduku, amenyoosha goti lake bovu mbele. "Barua ya kakangu haijafika," akasema. Watu wakacheka. Mimi nikamwambia Mama neno ambalo nimekwisha kumwomba msamaha, nawe sikuandikii. Hakuondoka. Siku tatu alilala na ule ufunguo, na mimi nilikula bila kumtazama.

Jumanne nilimsomea barua yako anachambua maharage. Nilipofika pale uliposema nilimkata mimi, nikasita. Akasema, "Soma." Nikasoma yote. Kisha nikachukua patasi nikapasua kibao. Kiraka chako, Mjomba, kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja, ukucha unapita, na pembeni mwake pana masizi mapya ya Jumamosi. Ilikuwa imebakiza mlio mmoja. Niliketi chini pale pale. Mkono wangu wa kushoto niliutazama muda mrefu.

Nitakwambia kweli kama ulivyoniambia. Nilikukasirikia. Siku mbili sikutaka kusikia jina lako. Miezi minne nakuuliza, nawe unaniambia habari za mbwa! Siku ya tatu nilimwuliza Mama kama alikuwa anajua. Akanijibu hivi, nami naandika kama alivyosema:

"Mie ndiye niliyekiosha kile kidonda mwezi mzima. Punje za baruti nilizitoa kwa mwiba wa mchungwa, nyingine zikanishinda zikabaki. Korona haina baruti, mwanangu. Na babako hakuwa na rafiki mwingine wa kumwongopea mkewe kwa ajili yake ila Tadeo. Bunduki niliijua, na mkono niliujua. Nilichokuwa sikijui ni kama kakangu atasema."

Nikamwuliza, na kama usingesema? Akasema begani isingefika, angelikalia lile sanduku mpaka afe. "Lakini nimesubiri miaka tisa," akasema, "sikutaka kumnyang'anya neno lake mdomoni."

Bunduki nimeirudisha boma, mitutu na kiraka chake, nikawaambia imekufa. Nusu ya mahindi tumeokoa. Mwaka ujao mimi na Asheri tutachimba handaki upande wa msituni, kwa hiyo babu zetu na wewe mmeshinda.

Jana nilimwuliza Mama tena habari ya mwashi wa kaburi. Akaniambia, "Si nilikwambia fundi yupo? Mwandikie aje."

Hasira yangu imekwisha, Mjomba. Njoo.

Manase


Nguvumali, Tanga, 14 Agosti 1956

Mpwa wangu Manase,

Marahaba, na hongera. Praxeda amekwisha kumnunulia mtoto kanga na anakuja nayo aone inavyomkaa.

Barua yako niliisoma karakanani nimesimama. Niliona haya kulia mbele ya vijana wa kazi, nikalia hivyo hivyo.

Tutashuka Muheza Jumamosi tarehe 25 kwa treni ya asubuhi. Mwambie dada yangu asichinje kitu. Nikifika nipelekeni kwanza kwa Ernesti, chakula baadaye.

Kaburi sijawahi kujenga. Mimi ni fundi wa chuma, na safari hii nasema mapema. Saruji ninayo mifuko miwili, mchanga na kokoto mtafute huko. Lakini mtu asikoroge kitu kabla sijafika. Nataka nikoroge mchana, Lea ameketi hapo hapo, aone kila kinachoingia.

Tadeo